Yaya anataka madirisha yote yang'olewe, Mama hataki hata moja litoke

Papa Mshauri, jambo.

Ninakuandikia kutoka Makomeno, hapa Lubumbashi. Tunakaa katika nyumba ya kampuni ambayo marehemu baba aliinunua alipostaafu: matofali ya kuchoma, plafoni (dari) ya juu, barza mbele. Tuko mama yangu mwenye miaka 74, mimi, watoto wangu watatu, na mdogo wangu anayesoma chuo kikuu.

Nyumba ina madirisha 11. Manane ni ya shasi (fremu) za chuma, yale ya vioo vidogo vidogo, na umri wake ni umri wa nyumba. La jikoni na la bafu ni ya nako, vile vipande vya vioo vinavyolala kimoja juu ya kingine. La sebuleni ni kulisanti ya alumini, yaani la kuteleza kwenye reli, baba aliiweka miaka michache kabla hajafariki.

Shasi za chuma zimeshikwa na kutu. Mawili hayafunguki tena, mastiki inayoshika vioo imekauka inadondoka, na vioo vinapasuka hata bila mtu kuvigusa. Mwezi wa sita na wa saba upepo unaingia usiku hadi marido (mapazia) yanacheza. Mama anateseka sana na baridi, kwa hiyo jioni tunawasha mbabula (jiko la makaa) nje, na makala yakishashika vizuri na moshi kuisha, tunaiingiza chumbani mwake apate joto kabla ya kulala. Mwezi wa kumi shida inageuka: chumba cha watoto, kinachotazama jua linapozama, hakilaliki kwa joto. Na mwaka jana wezi walichomoa vioo vya nako jikoni, wakapitisha mkono, wakaondoka na rechau (jiko dogo) na sufuria zetu.

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, yuko Liège, Ubelgiji, na pesa ni yake. Anataka madirisha yote yang'olewe kabla ya Noeli, maana anakuja na familia yake. Anasema atayatuma kwa kontena madirisha ya PVC yenye vioo viwili viwili, kama ya nyumba yake kule. Fundi wa alumini wa kartier (mtaa) yetu anasema kontena ni kupoteza pesa: yeye ataweka kulisanti za vioo vya buluu kila mahali, tena ataziba kwa simenti matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha ili vumbi na baridi visiingie. Mama amekataa kote kuwili. Anasema madirisha haya baba alikuwa akiyapaka rangi kwa mkono wake kila kiangazi, na yeye akiwa bado anapumua hayatatoka ukutani.

Mimi niko katikati. Nikimfuata yaya, nitamuumiza mama ndani ya nyumba yake. Nikimfuata mama, yaya ataona ninadharau jasho lake. Nichague madirisha gani, na hawa wawili niwaambie nini?

Mama wa Watatu, Makomeno


Mama wa Watatu, jambo.

Madirisha tutayafikia. Kwanza nakuomba mbabula isiingie tena chumbani mwa mama yako, hata usiku mmoja. Unasema mnangoja moshi uishe, na najua nyumba nyingi za mji huu zinafanya hivyo kwa nia njema. Lakini hatari haiko katika moshi. Makala mekundu, yasiyo na moshi hata kidogo, yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, na inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni tunayoivuta. Mtu anaumwa kichwa, moyo unachafuka, miguu inalegea. Anafikiri ni uchovu au malaria, anajilaza, na hapo ndipo anapotea. Wazee na watoto wadogo hawachukui muda mrefu.

Mama yako ameendelea kuamka salama kwa sababu ya vitu viwili mnavyovilalamikia: shasi zinazopitisha upepo, na yale matundu ya juu. Fundi wako anataka kuviondoa vyote viwili kwa mkupuo. Kiangazi kijacho, na mazoea yale yale ya mbabula ndani ya chumba kilichozibwa, ninaogopa hata kuandika kinachoweza kutokea.

Basi mama apashwe joto kwa njia nyingine. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, iwekwe kitandani nusu saa kabla hajalala. Blanketi moja litandikwe chini ya mwili wake, kwa sababu baridi ya usiku inapanda pia kutoka chini ya godoro. Soksi, leso ya kichwa. Mbabula ibaki barzani, akae kando yake jioni pamoja na wajukuu, kisha aingie kulala na mlango ufungwe nyuma yake. Mkitumia groupe (jenereta) SNEL, kampuni ya umeme, inapokata, nayo ikae mbali na madirisha, maana inatoa gesi hiyo hiyo.

Na matundu ya hewa yabaki wazi. Waliojenga nyumba zile za kampuni hawakuweka matundu kwa urembo. Hewa ya moto inapanda, inatokea juu, na hewa baridi inaingia chini kupitia dirisha. Ukiziba la juu, joto la mwezi wa kumi linalala chini ya plafoni usiku kucha, na kiangazi pumzi za watu sita zinageuka maji kwenye vioo na kuvu kwenye kona za ukuta. Ikiwa kinachowaudhi ni vumbi na mbu, mpe seremala kipimo cha fremu nyepesi za mbao zenye wavu wa mbu, ziingie kwenye matundu kwa ndani na zitoke bila shida. Vumbi letu jekundu linaziba wavu upesi, kwa hiyo fremu isiyotoka haina maana. Zioshwe kila mwezi wakati wa kiangazi.

Sasa nikupe maoni yangu wazi. Kwa sehemu kubwa mama yako ana haki, na yaya wako ana haki katika jambo moja: nyumba imeachwa muda mrefu na inahitaji pesa. Anapokosea ni pale anapodhani dirisha la Liège na dirisha la Lubumbashi vinafanya kazi moja. Kule wanapasha nyumba moto miezi mingi ya mwaka, na joto hilo wanalinunua, kwa hiyo vioo viwili vinalizuia lisitoroke. Ninyi hapa hampashi nyumba moto. Usiku wa mwezi wa saba unaweza kushuka hadi digrii 6 au 7, ni kweli, lakini mchana jua linarudi na kuta za matofali zinajipasha tena. Kinachowatesa usiku ni upepo unaopenya kwenye nyufa, na nyufa zinazibwa kwa gharama ndogo kuliko kontena.

Kuna jambo jingine ambalo yaya wako huenda hajaambiwa na muuzaji wake. Vioo viwili vinafungwa kiwandani na hewa au gesi katikati. Liège iko karibu na usawa wa bahari. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi, na hapa mgandamizo wa hewa uko chini kwa asilimia kama 13. Kioo kilichofungwa kule kikifika huku kinavimba kama tumbo, kingo zinavutwa, na baada ya muda gundi inaachia, vumbi na unyevu vinaingia katikati mahali ambapo hakuna kitambaa kitakachofika. Viwanda vinaweza kutengeneza vioo vya kwenda mahali pa juu, lakini lazima waambiwe kabla. Ongeza safari ya bahari hadi Dar es Salaam au Durban, na malori hadi mpakani Kasumbalesa. Kisha siku mpira wa mtoto utakapopiga kioo kimoja, hutaenda dukani kukatiwa kingine ukisubiri. Kioo kilichofungwa pacha hakikatwi, kinaagizwa upya kizima, kwa kipimo.

Tuje kwenye manane ya chuma. Unasema vioo vinapasuka vyenyewe. Havipasuki vyenyewe, ni kutu inavibana. Chuma kikishika kutu kinavimba mara kadhaa kuliko unene wake wa kwanza, na kwa kuwa kioo kimekaa ndani ya pembe ya shasi, hakina pa kukimbilia. Ndiyo maana mkibadilisha kioo peke yake, kipya nacho kinapasuka msimu unaofuata. Ugonjwa uko chini ya mastiki.

Chukua turnevisi (bisibisi) uzunguke nyumba na mdogo wako. Kila shasi, choma kwa ncha, hasa ule mkono wa chini ambapo maji ya mvua yanatuama, na pembe mbili za chini. Ncha ikigonga chuma kigumu baada ya kukwangua kutu, dirisha linapona. Ikizama au kutokea upande wa pili, kipande hicho kimekufa, lakini hata hapo si lazima dirisha lote lihukumiwe: ajusteri (fundi chuma) mzuri anakata mkono wa chini na kuunganisha mpya. Vioo vitolewe kabla ya kuunganisha, kwa sababu cheche zinatoboa vioo na moto unavipasua. Dirisha ambalo lazima ling'olewe ni lile lililooza pande tatu, au lililopinda hadi jani lake, sehemu inayofunguka, halikai tena ndani ya shasi. Na mawili yasiyofunguka usiyahesabu kuwa yamekufa. Mara nyingi ni rangi juu ya rangi imeyagandisha. Pitisha kisu kwenye mstari kati ya jani na shasi, weka mafuta ya kulainisha kwenye bawaba, acha yanywe siku kadhaa, kisha sukuma taratibu kwa mkono karibu na bawaba. Usipige nyundo.

Hapa kuna onyo ambalo nataka ulisome mara mbili. Chuma cha zamani kilipakwa kwanza rangi nyekundu ya kuzuia kutu, miniamu, na hiyo ni risasi, madini yale yanayoharibu akili ya mtoto kabla hujaona dalili yoyote. Ukiona tabaka jekundu la machungwa chini ya rangi nyingine, hesabu kwamba ni hiyo. Kwa hiyo mashine ya disko (ya kusagia chuma) isiguse madirisha hayo ndani ya nyumba, hata fundi akisema ndiyo njia ya haraka. Kukwangua kufanyike na maji: lowesha, kwangua, kusanya uchafu ungali mbichi kwenye plastiki, funga, tupa mbali na bustani na kisima. Fundi avae barakoa nzuri ya kuzuia vumbi laini, kitambaa hakitoshi. Watoto wasiwe chumbani humo, na sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji, isifagiliwe kwa ufagio. Mafundi wengine watakuona unasumbua. Wasumbue.

Baada ya kukwangua na kukauka, rangi mpya ya kuzuia kutu iingie siku hiyo hiyo, isilale, kwa sababu chuma kilicho wazi kinaanza kuota kutu usiku mmoja. Kisha kioo cha milimita 4 (cha milimita 3 kataa), kikae juu ya kitanda chembamba cha mastiki, na mastiki nyingine nje kwa mteremko ili maji yateleze. Mastiki ya mafuta ya kitani na chaki inataka wiki moja au mbili kabla ya kupakwa rangi. Hapo ndipo kazi nyingi zinaharibika, fundi anataka kumaliza na kulipwa. Na rangi ya mwisho ipande kidogo juu ya kioo, milimita 2 hivi, iuzibe ule mstari kati ya kioo na mastiki. Baba yako, kama alikuwa anapaka kila kiangazi, bila shaka alikuwa anafanya hivyo, na ndiyo sababu madirisha yalifika hadi leo. Mwishoni bandika mpira mwembamba wa kuzuia upepo pale jani linapogusa shasi. Huo mpira, pamoja na marido mazito yanayofika sakafuni, ndio utakaomaliza ule upepo wa mwezi wa saba.

Kwa yale yatakayokufa kabisa, badilisha, lakini usibadilishe kwa kulisanti. Kulisanti inafungua nusu tu ya tundu, nusu nyingine daima imefunikwa na jani la pili. Unalipia dirisha la mita moja na nusu upate hewa ya sentimita 75. Dirisha la majani yanayofunguka nje linakupa karibu tundu lote. Kulisanti inafaa mahali ambapo jani likifunguka lingegonga watu wanaopita, kama hilo la sebuleni kwenye barza, na hilo liacheni. Lakini chunguza reli yake ya chini: kuna vitundu vidogo vya kutolea maji nje. Katika mji wenye vumbi kama wetu vinaziba kiangazi chote, na mvua ya kwanza kubwa ya mwezi wa kumi na moja inajaza reli na kumwagikia ndani. Vizibue kwa waya kila mwisho wa kiangazi.

Alumini yenyewe siikatai. Haishiki kutu na haitaki rangi, na kwa mama mwenye kazi nyingi hiyo ni faida kubwa. Ila usiamini kwamba inazuia baridi. Inapitisha joto na baridi zaidi ya mara tatu kuliko chuma. Ukichagua alumini ya majani ya kufungua, shika profili (vipande vya fremu) mkononi kabla ya kulipa, zilizo nyembamba chini ya milimita 1 zinapinda kwa uzito wa kioo na kufuli inaacha kukutana. Fundi apime upana juu, katikati na chini, achukue kilicho kidogo zaidi, apime pia mishalo miwili kutoka pembe hadi pembe, maana matundu ya kuta za zamani hayako sawa. Silikoni iwe ile isiyonuka siki, yenye harufu ya siki inakula chuma na haishiki vizuri kwenye simenti. Na alumini isipakwe simenti mbichi, inaliwa pia. Ukuta urekebishwe kwanza, ukauke, ndipo shasi iingie. Hakuna mtu aruhusiwe kupanua tundu la dirisha: juu yake kuna linto inayobeba matofali na paa.

Vioo vya buluu, hapana. Vinameza jua, vinakuwa vya moto, na sehemu ya moto huo vinaurudisha ndani. Halafu chumba kinakuwa giza saa nane mchana, na siku umeme haupo mnawasha mshumaa jua likiwa nje.

Chumba cha watoto ndicho kinachonihuzunisha, kwa sababu hakuna dirisha duniani litakalokitibu, na mtalipa pesa nyingi mkitafuta. Jua likishapita kwenye kioo, joto liko ndani tayari, rido linapunguza kidogo tu. Hata vioo viwili vyeupe vinaliruhusu jua lipite kwa sehemu kubwa. Linatakiwa lizuiwe nje. Fikiria mji ulipo: mwishoni mwa mwezi wa kumi, saa sita mchana, jua linapita juu ya vichwa vyetu kabisa, kwa hiyo kuta hazipati sana, paa ndilo linaloungua. Kisha kuanzia saa tisa linashuka upande wa magharibi na kuingia moja kwa moja chumbani mwa watoto, chini ya ncha ya paa. Hapo weka kivuli: kipaa cha mabati chenye kina juu ya dirisha, au fremu ya mbao mita moja kutoka ukutani na marakuja yapande juu yake. Marakuja yanakua haraka na watoto watakula matunda. Ukiwa na pesa ya ziada, ipeleke juu ya plafoni ya chumba hicho, kitu cha kuzuia joto la mabati, kabla hujaiweka kwenye kioo.

Madirisha ya upande wa kaskazini usiyafunike hivyo. Mwezi wa sita, jua la mchana linakaa upande ule, na ni zawadi. Kama kuna chumba kinachotazama kaskazini, nakushauri mama yako alale humo miezi ya baridi. Fungua marido saa tatu asubuhi, yafunge saa kumi, joto la mchana libaki naye.

Nako ya jikoni itoke. Jiko linahitaji hewa, na kwa hewa nako ni nzuri, lakini vioo vyake vinashikwa na vibanio ambavyo mwizi anavikunja kwa vidole, ninyi mmeshaona. Hapo tengenezeni dirisha dogo la chuma la kufungua, na tundu la hewa juu lenye chuma. Ya bafu, ikiwa iko juu na ndogo, iachwe na kuongezewa antivolu, vyuma vya kuzuia wezi.

Kuhusu antivolu, ziwe kwa ndani, na katika kila chumba cha kulala moja iweze kufunguka kwa kufuli. Ufunguo utundikwe mahali pamoja ambapo hata mtoto wa mwisho anapajua na mkono wa mtu wa nje haupafikii. Nyumba zetu nyingi zimefungwa vyuma vilivyounganishwa moja kwa moja, na usiku wa mshumaa ulioanguka watu wanakufa wakishika vyuma vyao wenyewe. Fanyeni jaribio na watoto, gizani, kila mmoja afungue.

Sasa mama yako na yaya wako.

Mama hajakataa kutengenezewa. Soma tena maneno yake: amekataa madirisha yang'olewe ukutani. Huo ni mlango mkubwa, na huhitaji kumshinda. Mwombe azunguke nawe siku ya turnevisi, akuonyeshe lipi lilikuwa linafunguka vipi, rangi gani baba alikuwa anapenda. Mkipata moja lililokufa kweli, mwonyeshe kwa macho yake ncha ikizama, mwombe ruhusa ya hilo moja tu. Jambo la mbabula ndilo pekee usilomwombea ruhusa. Mweleze kwa upole, mbele ya wajukuu, lakini amua.

Yaya mpigie simu, usimwandikie tu, na mpigie baada ya kumaliza ukaguzi ili uwe na kitu mkononi. Kama ningekuwa wewe ningemwambia hivi: "Yaya, asante kwa kutufikiria. Mimi na Mama tumekagua madirisha yote, moja baada ya jingine. Haya yanapona, haya hayaponi. Kwa pesa ya kontena tunaweza kutengeneza yote, kukiwekea kivuli chumba cha watoto, kubadilisha antivolu ili tuweze kutoka siku ya moto, na kuzuia joto la paa. Mama amekubali kwa sababu madirisha ya Baba yanabaki. Usilipe kontena kwanza, nitakutumia proforma ya bei na picha." Mpe kazi inayobeba jina lake. Yaya aliye mbali anataka siku ya Noeli akifika aone kwamba mkono wake ulifanya kitu kinachoonekana, na madirisha yaliyopakwa rangi mpya yanaonekana kutoka barabarani kuliko unavyodhani. Na ikiwa anapenda sana vioo viwili, chumba atakacholala yeye kiwe na kimoja, kwa pesa yake, kikiwa kimetengenezwa kwa mahali pa juu. Hilo halimuumizi mtu, kama dirisha la chumba hicho ni miongoni mwa yaliyokufa.

Kazi ianze mapema, mvua hazisubiri. Dirisha moja moja, na jua lisizame tundu likiwa wazi ukutani. Anzeni na yanayopigwa zaidi na mvua.

Kwa fundi: proforma itenganishe vifaa na kazi ya mikono, iandike unene wa kioo, aina ya rangi na idadi ya tabaka. Vifaa nendeni mnunue pamoja, mdogo wako achukue fakture. Mikono ilipwe kwa sehemu tatu: moja akianza, moja nusu ya madirisha yakiwa yamekaa. Ya mwisho ingoje hadi mdogo wako amwagie kila dirisha maji kwa mpira kutoka nje kwa dakika 10, na wewe uko ndani na kitambaa kikavu mkononi, unapitisha kwenye pembe zote nne.